Jina Nililoandika Kwenye Duara la Chini

Juzi mwanangu wa gredi ya nne aliingia nyumbani na karatasi ya manila chini ya kwapa, akatupa begi kwenye kiti, akatangaza kwamba mwalimu anataka mti wa ukoo kufikia Jumatatu. Mambo ya miradi ya shule ni ya baba yake. Mimi nikiona makasi na gundi hukumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Lakini baba yake alikuwa ameenda Nyamarambe kikazi, kwa hivyo nikachukua sufuria ndogo, nikatia unga wa ngano na maji, nikaanza kukoroga ili tupate gundi. Ule mvuke wa unga unaoelekea kuungua uliponiingia puani, niliacha kukoroga. Nikazima jiko. Nikamwambia mtoto akimbie kwa jirani akaombe gundi ya dukani, naye akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, maana gundi ilikuwa pale pale mbele yetu imeiva.

Sijawahi kumweleza mtu habari hii. Lakini nyinyi wa rika langu, mliosomea kwenye madarasa ya sakafu ya udongo na madirisha ya mbao, nadhani mtanielewa, au angalau hamtanicheka.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Nyamira, imezungukwa na chai kila pembe, hata mpira ukipigwa vibaya mnaingia kuutafuta mkitambaa. Mpaka darasa la tatu, kusoma kulikuwa kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, nasi tunaandika daftarini, kengele inalia, tunaenda nyumbani. Halafu tukaingia darasa la nne tukampata Mwalimu Atieno, ambaye kwao ni upande wa ziwa, na mambo yakageuka. Alitutuma tulete udongo wa shambani kwenye chupa, tukautikisa na maji tuone mchanga ukitulia chini. Alitufanya tusokote kamba za nyuzi za mgomba, kisha tuzivute wawili wawili tujue ya nani itakatika. Kwenye kona ya darasa tulikuwa na duka la vifuniko vya soda ambapo tulijifunza kutoa na kujumlisha. Tulimpenda mpaka tukawa tunapigania kumbebea vitabu.

Siku moja akachora ubaoni mti wenye matawi, na kwenye kila tawi akaweka duara. Juu ni nyanya na babu, katikati wazazi, chini kabisa watoto. Akasema tukaulize majina nyumbani, tuyaandike kwanza kwa penseli, kisha tuyarudie kwenye manila kwa kalamu nene ya wino. Pembeni tubandike vitu vya kwetu: jani la chai, nyuzi za mgomba, punje za wimbi. Gundi aliipika yeye mwenyewe kwenye jiko la makaa nje ya darasa, na sisi tukaizunguka ile sufuria kama nzi. Miti ile ingetundikwa ukutani mpaka siku ya wazazi.

Sasa mnajua aibu ya mtoto inavyokuwa. Niliketi dawati moja na Bosibori, ambaye kwao walikuwa tisa. Mti wake ulijaa maduara huku chini mpaka akaomba kipande kingine cha karatasi cha kuunganisha. Mimi kwetu nilikuwa peke yangu. Mti wangu ulikuwa na duara moja chini, langu, linaning'inia kama kitu kilichosahauliwa. Bosibori aliutazama akasema, "Wako umekauka." Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyokuwa. Lakini nilihisi masikio yakiwaka moto.

Nilikuwa na siri moja. Mama alikuwa mjamzito. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu kwetu jambo hilo halitangazwi, lakini macho nilikuwa nayo na ile leso aliyojifunga haikuweza kuficha kila kitu. Nikainua mkono.

"Mwalimu, kama kuna mwingine anakuja?"

Mwalimu Atieno alikuwa anakata manila na hakuinua kichwa. "Wote wa familia yako, waandike."

Basi nikachora duara la pili, kubwa kuliko langu. Jina sikufikiria mara mbili. Nilikuwa nalala nyumba ya nyanya, mama mzaa baba, hatua chache kutoka kwa wazazi wangu. Yeye ndiye aliyenichana nywele, aliyenipikia uji asubuhi, aliyenificha mgongoni mwake mama alipotaka kunichapa. Kama ningepata mdogo wa kike ningetaka awe kama yeye. Nikaandika jina lake kwa kalamu nene, herufi kubwa: NYABOKE. Nikapuliza wino ukauke. Nilijivunia jinsi herufi zilivyokaa sawa.

Bosibori alisogeza shingo. "Nyaboke ni nani?"

"Mtoto wetu anayekuja."

"Na huyu Nyaboke wa juu?"

"Huyo ni magokoro," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya.

Akaweka kalamu chini. "Alikufa lini?"

"Nani?"

"Magokoro wako."

"Wewe! Leo asubuhi si amenipikia uji?"

"Haya basi. Umemuua." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia kwamba kifungo chako kimefunguka. "Mtoto anapewa jina la mtu ameshaenda. Mimi nimepewa la shangazi ya baba, nilimkuta ashakufa. Ndugu yangu amepewa la babu, ashakufa. Taja mtu mmoja hapa kwetu amepewa jina la mtu anatembea."

Nilifikiria. Jina langu mimi lilikuwa la mama yake mama, ambaye nilimjua kwa kaburi tu. La baba lilikuwa la babu wa babu. Kila jina nililoweza kukumbuka lilikuwa limetoka kwa mtu aliyelala chini ya migomba.

"Jina ni moja," akaendelea Bosibori. "Huyo mtoto akitoka atalidai, na magokoro wako itabidi alitoe. Kila mtu anajua. Wewe huna ndugu wa kukuambia, ndiyo maana."

Leo ningemjibu. Ningemwambia ni heshima tu, kwamba wazee wetu waliwakumbuka waliokwenda kwa njia hiyo, na kwamba siku hizi watoto wanapewa majina ya nyanya walio hai na nyanya wenyewe wanakuja na kuku mkononi kwa furaha. Lakini nilikuwa mtoto, na aliyekuwa akisema alikuwa na ndugu wanane. Nilitia mate kwenye kidole nikasugua lile jina, na wino ule mbaya ukazidi kung'aa, ukaacha doa la kijivu kando yake. Kabla sijafanya lingine Mwalimu Atieno alikuwa ameshafika. Aliuchukua mti wangu, akauangalia, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Vizuri sana. Akaubandika ukutani kwa ile gundi.

Tangu siku hiyo sikusoma. Nilikaa nikiutazama ukuta. Kila aliyeingia darasani niliogopa ataliona lile jina, na kila aliyelisoma kwa sauti nilihisi amemsukuma nyanya hatua moja. Jioni nilikuwa natoka shuleni mbio, mpaka nione moshi ukitoka jikoni kwake, ndipo napumua. Nilianza kumfuata kila mahali. Akienda kisimani niko nyuma, akienda choo nimesimama nje. "We mtoto," akaniuliza, "nimekuwa mwizi unanilinda?" Nilicheka kwa nguvu ili asione nalia.

Nilijaribu kuiba ile karatasi. Wakati wa mapumziko wenzangu walipotoka kucheza, nilipanda dawati, nikaishika kona, nikavuta. Ile gundi ya ngano ilikuwa imekamata ukuta sawasawa. Kipande kidogo tu ndicho kilichotoka, na Mwalimu Atieno akasimama mlangoni.

"Yawa! Kazi yako mwenyewe unairarua?"

Nilishuka. Nilitaka kumwambia, lakini ningeanzia wapi? Ningesema nimemuua nyanya kwa kalamu ya shule? Machozi yakanitiririka. Yeye akanitazama, uso wake ukalainika, akanifuta kwa kitambaa chake. "Sikiliza, mwanangu. Familia ndogo si aibu. Usione haya kwa sababu ya huyo rafiki yako." Alidhani ameelewa, maskini. Akaubandua mti wangu taratibu kwa ncha ya kisu akauhamishia juu, karibu na mabati, mahali pa heshima, ambapo hata kwa madawati mawili singefika.

Wiki iliyofuata mvua ya alasiri ilimkuta nyanya katikati ya chai, kikapu kimejaa mgongoni. Alirudi ametota, anatetemeka, akacheka akasema mvua haimli mtu. Kesho yake hakutoka kitandani. Nilisikia kifua chake kikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua. Baba alimpeleka zahanati akachomwa sindano, akarudi, akalala tena. Uji nilioupika mimi aliuonja mara moja akageuza uso ukutani.

Siwezi kuwaeleza woga ule. Watu wazima walisema ni baridi tu, ni kifua, atapona. Mimi ndiye niliyejua. Mama alikuja asubuhi na jioni kumpa dawa, akiinama kwa shida na lile tumbo lake, na mimi nikisimama pembeni ya kitanda nikiwaona wote wawili kwa pamoja, mmoja anazidi kukua na mwingine anazidi kuisha. Nililichukia lile tumbo. Nasema wazi, nililichukia. Siku moja mama aliushika mkono wangu akauweka pale, akitabasamu, akaniambia, "Sikia anavyopiga teke." Nikauvuta kama mtu aliyegusa moto. Mama alijifunga leso yake upya akaenda kuchota maji.

Jumamosi, Sabato yetu, ikafika, na kwa mara ya kwanza nilienda kanisani bila nyanya. Nafasi yake kwenye benchi la akina mama ilikuwa wazi. Mzee wa kanisa akatuambia tupige magoti, kila mtu aombe kimoyomoyo kwa shida yake. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu baridi nikafunga macho mpaka nikaona rangi. Sikuzunguka. Nilimwambia Mungu kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba jina ni moja na watu ni wawili, na kwamba najua lazima mmoja aende. Halafu nikamwambia: kama lazima mmoja, mchukue yule ambaye bado hatujamzoea.

Nikasema amina na watu wote.

Jumapili asubuhi nyanya aliketi kitandani akauliza kama kuna mtu amekumbuka kulisha kuku wake. Mchana akaitisha ugali wa wimbi na mboga ya managu, akala akamaliza, akalamba vidole. Nilitoka nje nikarukaruka kwenye matope kama mwendawazimu. Jumatatu nilimwambia Bosibori, "Magokoro wangu amepona!" Akafikiria kidogo akasema, "Mtoto bado hajatoka." Sikujali. Nilijua nimeshalimaliza jambo lile mahali panapostahili.

Jumatano niliporudi kutoka shule nilikuta mlango wa mama umefungwa na jirani yetu anawasha moto jikoni kwetu. Aliniambia mama amepelekwa hospitali Kisii, nisiulize maswali, nile. Kesho yake, jua likiwa juu, gari liliingia uani. Mama alishuka akishikiliwa, anatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Baba alishuka nyuma yake amebeba leso ya mama, imekunjwa vizuri, kitu kidogo sana ndani. Mtoto alikuja kabla ya wakati. Alikuwa msichana, na hakupumua.

Baba na kaka yake walichimba chini ya migomba kabla ya saa nane. Hakukuwa na wimbo, hakukuwa na mchungaji. Walifukia, wakanawa mikono, baba akaingia ndani na hakutoka mpaka siku ya pili. Nikiwa mkubwa ndipo nilipoambiwa kwamba mama alikuwa amepoteza wengine wawili, mmoja kabla yangu na mmoja baada yangu, na kwamba safari hii alikuwa amefika miezi saba na wakaanza kuthubutu kuamini. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba niliomba na nikasikilizwa.

Mkitaka kujua woga, ule wa kwanza haukuwa kitu. Mtu akiogopa jambo litakalotokea bado ana mahali pa kukimbilia. Mimi nilikuwa naogopa jambo lililokwisha. Niliogopa kula mbele ya mama. Niliogopa kupita karibu na migomba, nikawa nazunguka kwa jirani ili nifike kisimani. Niliogopa kupiga magoti, nisije nikasema neno lingine likashikwa. Na zaidi ya yote niliogopa kwamba siku moja mama angeniangalia machoni, angeona. Aliponiita nilijibu nikitazama miguu yake. Akadhani nina huzuni, akanivuta akanikumbatia, nami nikasimama mle mikononi mwake nimekauka kama kuni.

Siku ya wazazi ikafika na sikumwambia mtu nyumbani. Bosibori akawaambia. Mama hakuwa na nguvu, baba alikuwa amepeleka majani ya chai kituo cha kuuzia, kwa hivyo nyanya akajifunga kitambaa chake cha Sabato, akachukua fimbo, akapanda kile kilima akipumzika kila baada ya kona. Nilimwomba arudi. Nilimwambia kilima ni kirefu, kifua chake bado. "Nimekuja kuona kazi yako," akasema, "hata kama nitafika kesho."

Darasa lilikuwa limejaa wazazi. Mwalimu Atieno alikuwa ameishusha miti yote akaipanga juu ya madawati ili watu waione karibu. Alimsalimia nyanya kwa mikono miwili, akamwambia mjukuu wake ana akili, akatuonyesha mti wangu akaendelea na wageni wengine. Nyanya hakujua kusoma. Aliniambia nimsomee, na nisiruke kitu.

Nikamsomea babu. Nikamsomea yeye mwenyewe, naye akacheka, akaniambia nimguse mahali alipo. Nikamsomea baba, nikamsomea mama, nikajisomea mimi. Kisha nikamshika mkono tuondoke.

"Na hili?" Fimbo yake ilikuwa imeelekea duara la mwisho.

"Hilo ni bure."

"Limeandikwa. Nimeambiwa sijui kusoma, sijaambiwa sioni."

Nilitazama chini. Bosibori na mama yake walikuwa dawati la pili, na nilijua wanasikia. "Ni mtoto," nikasema. "Niliandika kabla hajaja."

"Ukamwita nani?"

Nilifumba macho. Nilingoja aanguke, au anichape ile fimbo, au apige yowe. "Nyaboke," nikasema.

Nikasikia mama yake Bosibori akivuta pumzi. "Magokoro, jina lako? Na wewe uko hai?"

"Niko hai, ndiyo," nyanya akajibu. "Ni jina kubwa hilo. Linatutosha wawili."

Nilipofungua macho alikuwa ameinama juu ya karatasi, ameweka kiganja juu ya lile duara lote akalifunika. "Nilimwambia baba yako amwite kitu," akasema, na sasa alikuwa akizungumza nami peke yangu. "Chochote, hata jina la siku. Akaniambia hana nguvu. Akamfukia hivyo hivyo. Kila asubuhi nataka kumtaja kwa Mungu, nafungua mdomo, sijui nimtaje nani." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Kumbe alikuwa Nyaboke. Kumbe hakwenda bila kitu. Asante, mama. Asante sana."

Alinishukuru mbele ya watu. Akamwita Mwalimu Atieno akamshukuru na yeye. Tukashuka kilima, na kila tuliyekutana naye njiani nyanya alimsimamisha, akamwambia kwamba mjukuu wake alifanya jambo ambalo watu wazima walishindwa, kwamba alimpa mtoto jina angali tumboni. Waliniwekea mikono kichwani. Jioni alimwambia mama, na mama alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali, akanishika uso kwa mikono yote miwili akanibusu kwenye paji. Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaniona nikiolewa, na habari ile alipenda kuisimulia kwa wageni. Kila alipoisimulia nilisimama nikaenda kuongeza kuni, kwa sababu katika watu wote waliowahi kunisifu, hakuna aliyeniuliza ile Sabato niliomba nini.